Mrija wa Kisiwani

Kaka yangu Rweyemamu ukimwambia leo ni Jumatatu atakushukuru, kisha atakwenda kumuuliza jirani. Ndivyo alivyoumbwa. Amelima migomba na kahawa pale Kibingo tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na hajawahi kununua jembe bila kuligonga kwenye jiwe na kulisikiliza. Mbegu ya maharage huitafuna kwanza. Bwana mifugo akimchoma ng'ombe wake sindano, kaka huiokota ile chupa tupu na kuipeleka kwa mwalimu asomewe kilichoandikwa.

Watu wanamcheka. Mimi pia namcheka, na nina haki, kwa sababu tumenyonya ziwa moja na ndizi za shamba lake ndizo ninazopikia mgahawani kwangu Omurushaka. Lakini kwenye jambo la Kemilembe sikumcheka hata kidogo. Safari hiyo hata mimi nilikuwa nimenusa kitu.

Kemilembe ni binti yake wa mwisho. Anauza kwenye duka la dawa Bukoba mjini. Krismasi iliyopita alikuja nyumbani, akangoja mpaka baba yake ameshiba, ndipo akasema kuna kijana anaitwa Winston anataka kuleta wazee. Nilikuwa nimefunga mgahawa nikaenda kula sikukuu nao, kwa hiyo nilisikia kwa masikio yangu. Mama yake, wifi yangu Agnetha, akainama kupepeta maharage ambayo yalikwisha kupepetwa. Nikajua huyu anajua.

"Kijana wa wapi?" kaka akauliza.

"Kwao ni Muleba, baba. Ila amekulia Mwanza."

"Kwa hiyo si wa Muleba. Anafanya kazi gani?"

"Anapeleka watu kisiwani kwa boti. Wanaogelea, wanaangalia samaki."

"Anawavua."

"Hapana, baba. Wanawaangalia tu. Wanavaa miwani, wanaingiza uso majini, wanawaona wakitembea."

"Halafu?"

"Halafu wanarudi."

"Wanarudi na nini?"

Kemilembe akafikiri. "Wamefurahi," akasema.

Kaka akaweka kikombe chini. Akasema hakuna mtu duniani anayewasha injini ya boti kwenda kumtazama samaki na kumwacha palepale. Hata paka hafanyi hivyo.

Nikuambie ukweli, maneno yake yalikuwa na uzito. Sisi wa huku mpakani tumezoea. Mtu akiwa na chombo chenye injini na kazi isiyoeleweka, tunajua ni kahawa ya magendo inavuka, na siku moja askari watakuja kuuliza baba mkwe ni nani. Kaka alilala na hilo. Asubuhi akaamka na jingine, kwamba pengine hao wanaopelekwa kisiwani hawarudi wote. Akamuuliza Kemilembe kama kuna mtu anayewahesabu wakati wa kushuka.

Mimi wasiwasi wangu ulikuwa mwingine, wa kike. Tulikuwa jikoni tunamenya ndizi, binti ananisimulia uzuri wa kile kisiwa, mara akasema, "Tukishafika upande wa mawe makubwa, shangazi, maji yanakuwa meupe mpaka unaona kivuli cha boti chini."

"Mkishafika nani?" nikauliza.

"Wakishafika," akasema. "Wageni."

Nikaendelea kumenya. Dalili ya mvua ni mawingu.

Siku ya kuondoka kwake kaka akatoa uamuzi. Wazee wa huyo kijana wasije kwanza. Yeye mwenyewe atakwenda kuona kazi hiyo kwa macho yake. Akiridhika, wataitwa. Asiporidhika, habari ya Winston isitajwe tena ndani ya mji wake, maana kwetu mji ni boma la mtu. Nami niende naye, maana mambo ya binti ni ya shangazi.

Kemilembe alinifuata nje karibu na choo, mahali ambapo baba yake hawezi kusikia. "Shangazi, akikataa mimi siolewi na mwingine," akasema. Hakulia, na hilo ndilo lililonitisha. Kwetu binti akiondoka bila neno la baba, mlango hafungiwi. Ataingia, atapewa kigoda, atapewa chakula. Lakini hakuna atakayemuuliza habari za huko atokako. Watoto wake watakuja kama watoto wa mpita njia. Nimewaona wanawake wa namna hiyo pale stendi, wanashuka kwenye basi na zawadi kubwa kubwa, wanarudi mapema. Na kaka yangu akishasema hapana, hata paroko hamgeuzi.

Basi tukaenda. Alinikuta Omurushaka asubuhi, amevaa koti lake la kanisani, kikapu mkononi. Ndani ya kikapu kulikuwa na ndizi zilizopikwa na maharage, zimefungwa kwa jani la mgomba, na kidumu cha maji ya kisima.

"Kaka, tunakwenda kwenye ziwa," nikamwambia. "Maji yote yapo kule."

"Yale ni ya kuangalia samaki," akasema. "Haya ni ya kunywa."

Winston alitungoja ufukweni Bukoba, yeye na Kemilembe. Kijana mrefu, mtaratibu, miwani ya jua ameivua na kuikunja mkononi. Hapo nikampa alama moja. Akaja na mikono miwili, akainama. "Shikamoo, baba."

"Marahaba," kaka akajibu. "Baba wa nani?"

Winston akacheka, akidhani ni utani. Alipoona mwenzake hacheki, akasema, "Samahani. Shikamoo, mzee."

Kaka akanigeukia na kuninong'oneza kwa Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani, kwamba mtu anayebadilisha neno upesi hivyo atabadilisha na mengine. Winston alikuwa amesimama palepale, lakini Kihaya chake ni cha salamu tu, na Kinyambo ndiyo kabisa. Mwanza imemkausha.

Kisha kaka akaomba kuikagua boti. Hakuomba, aliingia. Akainua mbao za chini moja baada ya nyingine. Akanusa. Nyuma karibu na injini akakuta gunia limefungwa kwa kamba, akaniita kwa kidole. Nikajua tumekwisha, maana gunia ni gunia, na mimi kahawa naijua hata kwa umbo la gunia likiwa limelala. Akalifungua. Akatoa kiatu cha mpira, kipana, chenye mkia, kama mguu wa bata mkubwa kupita kiasi.

"Hiki ni cha nani?"

"Ni cha kuvaa, mzee," Winston akasema. "Unapiga nacho maji unakwenda mbele."

"Kinavaliwa na mtu?"

"Ndiyo, mzee."

Kaka akakirudisha polepole, akalifunga gunia kwa fundo lake mwenyewe, siyo lile alilolikuta. Akauliza habari za kichocho. Winston akamweleza vizuri kwamba kichocho hukaa kwenye maji yaliyotulia yenye majani na konokono, ndiyo maana wao huenda upande wa mawe penye mawimbi. Jibu zuri, na kaka halikumpendeza. Mtu mwenye jibu tayari, akaniambia, amelala nalo.

"Na mamba pia hakuna," Winston akaongeza, akitaka kumtuliza.

"Hata emamba hakuna?" kaka akasema. "Sasa mnaangalia samaki gani?"

Ikabidi Kemilembe aingilie kati na kumweleza mwenzake kwamba kwetu emamba ni kamongo, yule samaki mrefu anayelala kwenye tope. Kaka yangu mamba wa Kiswahili anamjua vizuri, mto Kagera unao. Lakini akishakasirika, Kiswahili kinamtoka.

Tukapanda. Mimi niliinuliwa na watu wawili kama mzigo wa ndizi, sketi imelowa mpaka magotini, nikashika ubao kwa mikono yote na kuanza rozari. Kemilembe hakushikwa na mtu. Alirusha kandambili zake ndani, akaweka mguu, akaingia, akaenda kukaa nyuma kabisa bila kuonyeshwa. Boti ilipotaka kukata kona yeye alikwisha kuegemea upande wa pili, kabla haijakata. Nikamtazama. Akajifanya anaangalia ndege.

Kaka hakuyaona hayo. Alikuwa anaangalia nyuma, kuhakikisha Bukoba bado ipo.

Kisiwa chenyewe sitakudanganya, ni kizuri. Kuna mawe makubwa meusi, na katikati ya mawe kipande cha mchanga safi, na maji unayaona mpaka chini, kokoto moja moja. Nyuma kuna msitu mdogo na banda la nyasi lenye mabenchi. Upepo unapita bila vumbi. Mimi ninayevuta moshi wa kuni kila siku nilihisi kifua kinafunguka, na hapohapo nikaingiwa na mashaka. Mahali pazuri hivi, halafu hapana mtu aliyejenga? Nikakaa karibu na kikapu.

Majini kulikuwa na watu kama wanne wanaelea, uso chini, mgongo juu, hawasogei. Kaka akasimama ghafla.

"Wale wamekufa?"

"Hapana, mzee, ni wageni wa boti ya asubuhi. Wanaangalia samaki."

"Mwambie mmoja ainue kichwa."

Winston akapiga mluzi, mmoja akainua kichwa na kupunga mkono. Kaka akangoja mpaka wa pili naye ameinua. Kisha akakubali kushuka. Alikuja kuona kazi, akasema, na kazi haionwi ukiwa umekaa benchini. Akavua koti, akavua viatu, akavua suruali, akaikunja na kuiweka juu ya jiwe, akabaki na kaptula na fulana. Miguu ile haijaona jua tangu shule ya msingi. Hapo nikaanza kuwa na matumaini, na Kemilembe pia, nilimwona akipumua.

Winston akaenda bandani, akarudi na ndoo. Ndani ya ndoo kulikuwa na miwani mikubwa ya kioo inayofunika macho na pua, na mrija wa plastiki uliopinda, wenye kipande cha mpira mwishoni. Akaukung'uta maji, akampa kaka kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Mzee, huu mpira unautia mdomoni, unauuma hivi, unapumua kwa mdomo taratibu. Huku juu kunabaki hewani."

Kaka akaupokea. Akauchungulia. Akaupuliza. Kisha akaurudisha kwa Winston, akaunyoosha mbele yake, akangoja.

"Ni wako, mzee," Winston akasema.

"Anza wewe."

"Mimi nina wangu, upo bandani."

"Sisemi wako. Anza na huu."

"Hapana, mzee." Winston akatabasamu. "Huu siwezi kuutia mdomoni. Ni wa mgeni."

Naomba unielewe hapa, maana kama hukuzaliwa kwetu utadhani kaka yangu ni mkorofi tu. Kwetu kinywaji hakiwekwi mbele ya mgeni kikiwa hakijaguswa. Ukimletea mtu rubisi, pombe yetu ya ndizi, na mrija wake, wewe mwenye nyumba unaanza. Unavuta funda moja mbele ya macho yake, unameza, anakuona umemeza, ndipo unaufuta mrija kwa kiganja na kumkabidhi. Kuonja ni kusema: kama kuna ubaya humu, uanze na mimi. Wazee walikuwa wanawekeana sumu, hilo halina siri. Wifi yangu Agnetha, na wajukuu wote alionao, mpaka leo humwonjea mumewe. Asiyetaka kuonja anajua alichoweka.

Sasa wewe mpe mtu kama huyo mrija, atie mdomoni, ziwani, kwenye kisiwa kisicho na nyumba, halafu umwambie mimi huu siwezi kuutia mdomoni.

"Kwa nini huwezi?" kaka akauliza. Sauti ilikuwa imeshuka chini kabisa.

"Ni utaratibu wetu, mzee. Ni safi kabisa, wala usiwe na wasiwasi," Winston akasema. "Nimeuosha kwa dawa."

Mungu wangu. Katika maneno yote ya Kiswahili.

"Dawa gani?" kaka akauliza.

"Dawa ya kuua."

"Kuua nini?"

"Wadudu, mzee. Vijidudu."

Mimi ni mama ntilie. Maji ya dawa nayajua, bwana afya wa stendi amenisimamia mara nyingi nisuuze vikombe. Nilijua kijana anasema nini. Lakini mwili haukusikia, mwili ulinisisimka mpaka kisogoni, nikasogeza kikapu chetu nyuma ya miguu yangu.

Kemilembe akaelewa kabla ya sisi sote. "Winston," akasema haraka, "hebu onja..."

"Usimfundishe," baba yake akamkata. "Anayeambiwa onja haonji, anatii."

"Baba, yeye hajui. Mwanza hawafanyi hivyo."

"Amekataa kabla hajafundishwa. Nimemsikia." Akauweka ule mrija juu ya jiwe, polepole, kama kitu kinachoweza kupasuka. Akachukua koti lake. "Placida, beba kikapu. Nimeona."

Nimeona. Kaka yangu akisema hivyo kwa mnunuzi wa kahawa, mnunuzi anakunja turubai na kuondoka. Winston alibaki na ndoo mkononi, anatuangalia mmoja mmoja. "Nimekosea nini?" akauliza. Kemilembe amesimama katikati, baba huku, mwenzake kule. Nilimwonea huruma mpaka nikamkasirikia. Ningesema nini? Kijana amekataa kuonja, na mimi nilikuwepo.

Basi mtoto yule akafungua vifungo vya gauni lake, akaliacha lianguke kwenye mchanga. Ndani alikuwa amevaa nguo ya kuogelea, nyeusi, iliyopauka mabegani kwa jua. Haikuwa nguo mpya. Akauchukua mrija juu ya jiwe, akachukua miwani ndani ya ndoo, akaitemea mate kwenye kioo, akaisuuza, akaivaa. Akautia mrija mdomoni, akauuma. Akaingia majini bila kutazama nyuma.

Nilidhani ataishia magotini. Hakuishia magotini. Alijilaza, akanyoosha mikono, na maji yakamchukua. Akapita wale wageni. Akafika kwenye jiwe la mbali ambapo maji yalikuwa ya kijani kibichi, akazama mzima, miguu ikapotea, mrija ukapotea. Nikapiga yowe. Akaibuka upande wa pili wa jiwe, mrija ukatema maji juu, akageuka na kuanza kurudi, taratibu, hana haraka.

Kaka alikuwa ameingiza mkono mmoja kwenye koti. Wa pili ulibaki hivyo hivyo, nje. Pale Kibingo tuna kisima na kijito ambacho vifaranga wanakivuka. Mtoto aliyezaliwa pale, ukimtupa kwenye maji ya kiunoni, anakufa. Nikamsikia kaka akisema, "Nani amemfundisha huyu?" Hakuwa akiniuliza mimi.

Kemilembe akatoka. Maji yanamtiririka, macho mekundu. Akautoa mrija mdomoni, akaufuta ule mpira kwa kiganja, mara moja, vile tunavyofuta sote. Akapiga magoti kwenye mchanga mbele ya baba yake, akaunyoosha kwa mikono miwili.

"Karibu, baba. Nimeonja."

Kaka hakuupokea. Na mimi nikaona mawazo yake yanapokwenda, maana hata mimi nilikuwa nimekwisha kufika. Mgeni haonji. Hilo mtoto wa kwetu analijua kabla hajajua kufunga kanga. Ukienda kwa watu huonji cha kwao, unaonjewa. Anayeonja ni mwenye nyumba, au mke wa mwenye nyumba.

"Umeonja kama nani?" akamuuliza.

Alikuwa na njia ya kukwepa. Angeweza kusema kama binti yako, baba, nimeonja kwa ajili yako. Kaka angenung'unika, tungerudi Bukoba, yangezungushwa zungushwa mpaka mwaka mwingine. Hata mimi nilimtolea macho aseme hivyo.

"Kama mwenye mji, baba," akasema.

Mimi nilikuwa na hasira, sitaficha, nilitamani kumpiga kofi. Kumbe kaka wa watu amefungua gunia, ameinua mbao, amenusa mpaka injini, na alichokuwa anakitafuta kilikuwa kimekaa nyuma ya boti kinaangalia ndege. Mtoto amekwisha kuolewa. Hakuna padri, hakuna wazee, hakuna lolote, na amekwisha kuolewa, na mama yake anajua. Tulikuwa tumepanda boti kwenda kutoa ruhusa ya chakula kilichokwisha kuliwa. Na bado, Mungu anisamehe, nilimwona pale magotini, mrija bado ameunyoosha, nikasema moyoni huyu ni wa kwetu.

Kaka alikuwa na njia mbili tu. Kuukubali ule mrija ilikuwa kuukubali ule mji, na mwanamume wake, na kazi yake ya kuangalia samaki. Kuukataa, baada ya yeye kuonja, ilikuwa kumwambia binti yake mbele ya watu: wewe umeniwekea sumu. Mlevi wa kilabuni humfanyia hivyo mlevi mwenzake, na hawasemeshani mpaka kufa. Mzazi kumfanyia mwanawe, mimi sijawahi kusikia.

Akautoa mkono kwenye koti. Akanipa koti. Akaupokea mrija.

Waliingia pamoja, Kemilembe amemshika mkono wa kushoto. Winston akataka kuwafuata, nikamzuia kwa jicho, akarudi kusimama. Maji yalipofika kiunoni Kemilembe akamvalisha miwani, akamwekea mrija mdomoni kama mtu anayemlisha mgonjwa. Mara ya kwanza kaka aliinuka anakohoa na kutema. "Polepole, baba. Usivute kwa nguvu." Mara ya pili akabaki. Nikaona mgongo wake na fulana inavimba juu ya maji, nikasikia mrija unatoa pumzi, fyuu, fyuu. Rozari ikanisimama mkononi. Kichwa chake kikageuka taratibu kwenda kulia, kikangoja, kikageuka tena, kinafuata kitu. Alikaa hivyo mpaka nikakaa chini kwenye mchanga, mimi na koti lake.

Alitoka kwa miguu yake, ameukataa mkono. Miwani ameisukuma kwenye paji la uso, imemwachia duara jekundu usoni. Winston alikuwa ametuambia miwani ile haiingizi hata tone. Kwa hiyo sijui yale macho yalilowa wapi.

"Wapo," akasema.

"Samaki?" nikamuuliza.

"Wapo. Wa bluu. Wengine wana mistari. Wamekaa tu, hawakimbii mtu."

Akakaa kwenye jiwe, anatetemeka kwa baridi, mikono ameifumbata kifuani. Hakumwangalia Winston, wala hakuniangalia mimi. Alikuwa anaangalia mchanga palepale ambapo binti yake alipiga magoti. Kisha akamwambia Kemilembe kwa Kinyambo, kwa sauti ya mtu aliyechoka:

"Mwambie mumeo alete taulo."

Kemilembe akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Akageukia ziwa na mabega yakaanza kumruka. Yule kijana akaona kilio akadhani mambo yameharibika kabisa. Akanijia mbio, ndoo bado mkononi, uso umemshuka.

"Shangazi, mzee amesema nini?"

Nilikuwa bado na hasira. Mpaka leo ninayo.

"Anataka taulo," nikamwambia. Hayo mengine aambiwe na mkewe.